Nani wa Kulaumiwa? Kusoma visa vya kale vya Wayunani kwa macho ya leo



Wakati wa likizo ya masomo, wachache kati yetu tulikaa Madungu, mjini Chake Chake, kisiwani Pemba. Wakristo kisiwani humo ni wachache sana, na wengi wao wametoka bara kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari, wenye biashara ndogondogo. Jioni, baada ya Rozari, tulikuwa tunakaa barazani na baadhi yao. Jirani mmoja Mwislamu, maalim wa sekondari aliyestaafu, alizoea kuja kuungana nasi baada ya swala ya isha. Tulikuwa na kitabu kimoja tu, kimechakaa na kimepoteza jalada: Mfalme Edipode, tamthiliya ya Sophocles aliyoifasiri Samuel Mushi, ikatoka mwaka 1971. Tukaisoma kwa sauti, kila mtu na sehemu yake, taa ikiwekwa katikati.

Usiku wa pili mzee mmoja wa jumuiya alituuliza bila kuficha: "Hivi nyinyi mafrateri mnasomea upadre, au mnasomea miungu ya Wayunani?" Watu walicheka. Lakini swali lilikuwa la haki, na ndilo lililotusukuma kuandika somo hili. Visa hivyo vya kale havikubaki kwenye vitabu vya kale. Waandishi wa zama zetu, Waafrika na wasio Waafrika, wanavichukua na kuvisimulia upya katika riwaya na tamthiliya, na vijana wetu wanavisoma shuleni na kwenye simu zao. Padre ajaye atakutana navyo, apende asipende.

Tulimjibu mzee kwa mifano ya Mababa. Mtume Paulo, aliposimama Areopago mjini Athene, hakuona haya kuwakumbusha Wayunani maneno ya watunzi wao wenyewe (Mdo 17). Mt. Basili Mkuu aliwaandikia vijana namna ya kufaidika na fasihi ya Wayunani, akatumia mfano wa nyuki: haendei kila ua, na kwenye ua analoliendea habebi kila kitu, huchukua kinachofaa kwa kazi yake. Mt. Augustino katika Maungamo anajilaumu kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, huku hajililii mwenyewe aliyekuwa anakufa mbali na Mungu. Wengine husoma mahali hapo kana kwamba Augustino anatukataza hadithi. Sisi tunaona kwamba anatuonya kuhusu machozi yasiyorudi nyumbani. Na hayati Papa Fransisko, ambaye katika ujana wake aliwahi kufundisha fasihi shuleni, tarehe 17 Julai 2024 aliandika barua nzima kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, akieleza kwamba mwanzoni aliwafikiria wanaojiandaa kwa upadre, kisha akaona inamhusu kila Mkristo.

Mfano uliompendeza zaidi mzee wetu, ambaye amesafiri sana baharini, ni ule wa Klementi wa Aleksandria. Katika Odisea, Odysseus anapita karibu na viumbe vya kike wanaoimba kwa utamu hata mabaharia hujitosa na kufa. (Barazani wote walisema: "Nguva hao!" Hatukubishana nao.) Odysseus anawaziba masikio mabaharia wake kwa nta, na yeye mwenyewe anafungwa kwenye mlingoti, asikie lakini asiende. Klementi aliuona mlingoti ule akakumbuka mti wa Msalaba: aliyefungwa kwenye mti huo atapita salama. Mzee akasema, "Basi someni, lakini mjifunge." Tukaendelea.

Kosa lake ni lipi?

Kwa wasiokijua kisa, kwa ufupi ni hiki. Laius, mfalme wa Thebes, aliambiwa na waaguzi wa Delphi kwamba mwanawe atamuua. Mtoto alipozaliwa walimtoboa vifundo vya miguu, wakampa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akaona huruma, mtoto akapelekwa Korintho, akalelewa na mfalme wa huko kama mwana wake wa kuzaa. Alipokua, Edipode naye akaambiwa na waaguzi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Kwa hofu akakimbia Korintho, akidhani anawakimbia wazazi wake. Njia panda akagombana na mzee mmoja aliyekuwa safarini, akamuua. Akafika Thebes, akaukomboa mji kwa kutegua kitendawili, akapewa ufalme na mjane wa mfalme awe mkewe. Miaka ikapita, tauni ikaingia mjini. Edipode akaapa kumsaka mtu aliyeleta unajisi huo, na kadiri alivyochunguza ndivyo alivyojikaribia mwenyewe. Alipojua kweli, Jocasta alikuwa amejinyonga, naye akajitoboa macho.

Tulipomaliza, mama mmoja muuguzi, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, akauliza: "Sasa huyu kosa lake ni lipi? Alikimbia ili asitende, na kukimbia kwenyewe ndiko kulikompeleka." Tulikuja kujua baadaye kwamba mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa mchanga, na ndugu wa mumewe walimwambia ni laana ya babu. Miaka mingi ameishi na neno hilo. Hakuwa anauliza habari za Thebes.

Tukiri kwamba sisi wenye daftari za teolojia tulikaa kimya. Maalim ndiye aliyeanza. Alisema: mtu aliyeonywa kwamba atamuua baba yake, je, asingeweka nadhiri ya kutoinua mkono juu ya mzee yeyote? Na aliyeonywa kwamba atamwoa mama yake, je, asingejiepusha na mwanamke yeyote aliyemzidi umri? "Kadari ni kadari," alisema, "lakini hasira ile njiani ilikuwa yake."

Sophocles mwenyewe ameacha mlango huo wazi kidogo. Mwandishi wa Nigeria, Ola Rotimi, ameusukuma ukafunguka kabisa. Tamthiliya yake, The Gods Are Not to Blame, ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1968, Nigeria ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1967. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Miungu Haistahili Lawama". Rotimi anachukua kisa chote, akakihamishia katika nchi ya Wayoruba. Edipode anakuwa Odewale, mfalme wa Kutuje. Mwaguzi wa Delphi anakuwa mpiga ramli. Lakini Rotimi anabadilisha jambo moja, na badiliko hilo ndilo linaloipa kazi yake maana. Odewale anamuua yule mzee baada ya kabila lake kutukanwa. Baadaye, akiwa mfalme, kila anapoulizwa swali gumu anadhani watu wa Kutuje wanamfanyia hila kwa sababu si wa kabila lao. Mwisho, baada ya kujipofusha, yeye mwenyewe anawakataza watu kuitupia miungu lawama. Miungu ilijua udhaifu wake, na udhaifu huo ulikuwa kwamba neno moja dhidi ya kabila lake lilitosha kumwondolea akili.

Nchi iliyokuwa inauana kwa misingi ya ukabila iliambiwa kupitia kisa cha Wayunani: msiseme imeandikwa. Hiyo ndiyo kazi bora inayoweza kufanywa na usimulizi upya, yaani kukiondoa kisa makumbusho na kukiweka mahali ambapo kinamuuma msikilizaji.

Meli

Tulipoeleza habari ya Rotimi barazani, maalim alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa na watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Pemba hakuna mtaa ambao hukosi mtu anayekumbuka usiku ule, na maalim alikuwa na ndugu yake ndani ya meli. Alisema: "Mimi ni Mwislamu. Siku ya ndugu yangu ilikuwa imeandikwa, naamini hivyo, na imani hiyo ndiyo iliyonilaza usingizi. Lakini kuijaza meli hakukushuka kutoka mbinguni. Watu waliijaza kwa mikono yao." Halafu akaongeza kwamba wakati wa msiba kila aliyekuja kutoa pole alisema sehemu ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kusema ya pili.

Tunaliandika hili kwa idhini yake, kwa sababu lilitufundisha kuliko kozi nzima. Sisi Wakatoliki tuna namna yetu ya kutenda kosa hilohilo. Tunafika msibani, tunashika mkono wa mfiwa, tunasema haraka "ni mapenzi ya Mungu", kisha tunatafuta kiti. Mara nyingine neno hilo ni imani ya kweli. Mara nyingine ni njia ya kuwafungia mdomo wenye swali, na ya kuwaficha waliozembea. Bwana wetu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13), alikataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Na wanafunzi walipomwona yule kipofu wa kuzaliwa wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yn 9), aliwakatalia yote mawili. Tulimsomea mama muuguzi mahali hapo, pamoja na sura ya 18 ya nabii Ezekieli, ambapo Mungu anakataa kwamba mwana abebe uovu wa baba. Hakusema kitu. Alituomba tu tumwandikie namba za sura kwenye karatasi.

Kwa waseminari, hapa ndipo tamthiliya ya kipagani inapokutana na Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 1735 inafundisha kwamba kuwajibika kwa tendo kunaweza kupungua au hata kuondoka kwa sababu ya kutojua, hofu, kulazimishwa, mazoea na mengineyo. Namba 1793 inaongeza jambo ambalo Edipode angelielewa: kama mtu hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, uovu ule hauhesabiwi kwake, lakini hauachi kuwa uovu. Ndoa ya Edipode na mama yake si dhambi yake, na bado ni kitu cha kutisha. Kinyume chake, namba 1791 inamwajibisha mtu ambaye hakujua kwa sababu hakujali kutafuta. Na mauaji ya njia panda, je? Hakujua kwamba ni baba yake, hilo ni kweli. Alijua kwamba ni mtu. Wapeni wanafunzi wa teolojia ya maadili kesi hii kabla hamjawapa ya kwenye vitabu vya shule, muone mjadala utakavyokwenda.

Mshtaki anayejisikia mwenyewe

Kitabu kingine tulikuwa nacho kichwani tu, tukawasimulia. Ni riwaya ya C. S. Lewis, Mwanglikana, iliyotoka mwaka 1956, Till We Have Faces. Imejengwa juu ya kisa cha Psyche, msichana mzuri aliyeolewa na mungu asiyemruhusu kumwona uso. Kisa hicho kimetufikia kupitia Apuleius, ambaye hakuwa mtu wa Ulaya. Alizaliwa Madaura, katika Algeria ya leo, mji uleule ambao Augustino alipelekwa kusoma akiwa kijana. Kwa hiyo anayesema hadithi hizi ni za wazungu aangalie ramani kwanza.

Lewis anakisimulia kwa mdomo wa dada yake Psyche, Orual, ambaye hana sura nzuri na anampenda mdogo wake kuliko uhai. Psyche anapomwambia kwamba ameolewa na mungu na ana furaha, Orual hawezi kuvumilia. Anamlazimisha amulike uso wa mumewe usiku kwa taa, kwa kumtishia kwamba asipofanya hivyo atajiua. Psyche anatii, na anapoteza kila kitu. Orual anakuwa malkia, anazeeka akiwa amejifunika uso kwa shela, na anaandika kitabu kirefu cha mashtaka dhidi ya miungu walioiba furaha yake. Mwishowe anapewa nafasi aliyoililia, anasimama mbele ya hakimu asome mashtaka yake. Anasoma, na sauti inayotoka si ile ya kitabu kizuri alichokitunga. Ni malalamiko madogo, makali, yanayorudiwarudiwa, ya mtu aliyetaka ndugu yake awe mali yake. Anapomaliza kusoma, tayari ameshajibiwa.

Kila atakayeketi katika kiti cha maungamo asome riwaya hiyo angalau mara moja. Kuna waungamaji wanaokuja kumshtaki mume, mkwe, jirani, Mungu. Padre asiye na subira humkatiza: "Sema dhambi zako, si za wengine." Hakosei, ila Lewis anaonyesha kwamba wakati mwingine mtu hufika kwenye dhambi yake kwa kuachwa asome mashtaka yake hadi mwisho, mbele ya mtu anayesikiliza kweli.

Si kila usimulizi upya una kina hicho. Tuseme wazi tunavyoona. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alitoa mwaka 2005 The Penelopiad, akimpa sauti Penelope, mke wa Odysseus, pamoja na wajakazi kumi na wawili walionyongwa Odysseus aliporudi nyumbani. Katika Odisea wajakazi hao wanauawa kwa mistari michache, baada ya kulazimishwa kusafisha damu ya ukumbini, na hadithi inaendelea. Atwood anawarudisha, wanaimba, hawakubali kusahauliwa. Tulipowasimulia kina mama wa barazani, mmoja akisuka ukili huku akisikiliza, walielewa mara moja. Wanawake wa pwani ambao waume zao huenda dago miezi mizima hawahitaji kufafanuliwa Penelope. Ila waliuliza zaidi habari za wajakazi kuliko za bibi yao. Kazi kama hiyo tunaikaribisha.

Lakini zipo riwaya nyingine, na zinaongezeka, ambazo kila mkosaji wa zamani anapewa historia ya maumivu na hapo mambo yanaishia. Hata Circe ya Madeline Miller (2018), ambayo ina uzuri wake mwingi, inakaribia hatari hiyo inapoeleza kwa nini mchawi yule alianza kuwageuza mabaharia kuwa nguruwe: walimdhulumu kwanza. Tunamwonea uchungu, na inafaa tumwonee. Ila kumwelewa mtu ni jambo moja, na kumwambia hana neno la kutubu ni jambo jingine. Wayunani wa kale walitupa lawama juu ya miungu. Baadhi ya waandishi wa leo wanaitupa juu ya utoto, ukoo au mfumo. Mtu katikati hapo anabaki hana kosa, na kwa hiyo hana cha kusamehewa.

Na wetu je? Barazani waliuliza hilo pia, na kwa haki. Euphrase Kezilahabi, aliyewahi kusoma Seminari ya Nyegezi, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Mzingile ni njia zinazozunguka hata mtu apotee, kama lile jengo la Krete alimofungiwa nusu mtu nusu ng'ombe. Tofauti ni kwamba Theseus wa Wayunani alipewa uzi wa kumrudisha mlangoni, na msimulizi wa Kezilahabi hana uzi. Ni vitabu vigumu, na vinamuuliza Mungu maswali makali. Tunashauri visomwe pamoja na mlezi.

Kisha kuna Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba hiihii. Katika riwaya yake Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, mkubwa mmoja aitwaye K anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, akamtembeza aone hali za watu aliowapa kisogo. Hatusemi kwamba aliichukua kwa Wayunani. Lakini Odysseus alishuka kuzimu kuuliza wafu habari za safari yake, na Aenea wa Virgil akashuka kumwona baba yake. Kwa Mpemba huyu hakuna anayeshuka. Mfu ndiye anayepanda, anabisha hodi kwa aliye hai, na maswali anakuja nayo yeye.

Nakala ya riwaya hiyo ilikuwa kwa maalim. Usiku wetu wa mwisho Madungu aliileta, imefungwa kwa gazeti. Yule mzee aliyetuuliza habari za upadre na miungu akaomba asome yeye ukurasa wa kwanza. Miwani yake haikumtosha, akampa mama muuguzi, naye akasogeza taa akaanza kusoma.